Friji ya Kukaribisha Wageni

Jumatatu, 7 Septemba 2020

Sauti moja haijanitoka masikioni tangu asubuhi. "Kaaaribuuu!" Ya Celestine. Inaanzia chini, inapanda, kisha inakaa huko juu ikipepea kama shuka kwenye kamba. Na aliyekuwa akikaribishwa hivyo ni nani? Balozi? Mtalii? Mtu wa kusoma mita ya maji!

Tangu Machi hatujapata mgeni wa kulala hapa Ridge Gardens. Waliokuja kuona flamingo walirudi kwao na corona ikafunga mlango nyuma yao. Vyumba kumi na vinane, vyote tupu. Anatokea mtu wa mita, Celestine anamfungulia lango kwa mikono miwili, anamwonyesha maji ya kunawa, anamuuliza watoto wanaendeleaje na masomo nyumbani. Mtu wa mita akavua kofia. Niliona kwa macho yangu. Alisoma mita kofia ikiwa mkononi, kama yuko kanisani.

Ubaya ni kwamba Mzee Hiram, mwenye hoteli, alikuwa dirishani. Akashuka. Akasema hiyo ndiyo hoteli, hayo mengine yote ni simiti. Kisha akatuita mapokezi, mimi na Celestine, akatupa habari. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja wetu tu. Jumamosi kuna ruracio hapa, mazungumzo ya mahari. Mzee Kabiru wa Kabazi anamwoza binti yake, kwake ni padogo kwa watu kuachiana nafasi kama serikali inavyotaka, basi amekodi bustani yetu. Akifurahi, atatuletea na arusi Desemba. Atakayemfurahisha Mzee Kabiru ndiye atakayebaki.

Celestine akasema, "Sawa Mzee, tutafanya pamoja." Pamoja! Mtu anasikia kwamba kiti ni kimoja, anasema pamoja!

Mimi nina shahada ya usimamizi wa hoteli. Celestine ana cheti cha miezi sita na babu aliyekuwa akipokea treni stesheni ya Nakuru. Huyo babu hutajwa kila siku. Kukaribisha watu ni kazi ya damu, anasema. Ya damu!

Nikikosa, kuna kuku. Shangazi yangu ana kuku mia mbili huko Kabazi, na mama ameshamwahidi kwamba nikirudi nyumbani nitawasimamia. Usimamizi ni usimamizi, anasema mama.

Nimetoa tasnifu yangu sandukuni. *Matumizi ya Mitambo katika Kupunguza Mguso kati ya Mhudumu na Mgeni Wakati wa Magonjwa ya Kuambukiza*. Kurasa tisini na nne. Niliiandika mwaka mzima kabla ya corona! Hakuna hata mtu mmoja aliyepiga simu kusema niliona mbali. Mwalimu wangu aliandika maneno matatu tu pembeni mwa ukurasa wa mwisho: "Na mgeni anasemaje?" Mpaka leo sijaelewa swali.

Uamuzi: nitaweka mashine langoni. Mashine haina babu.

Jumanne, 8 Septemba

Nimekwenda Free Area kwa Jerry, anayetengeneza friji na kamera za ulinzi. Tulisoma darasa moja shule ya msingi. Alikuwa akila chaki.

Nilimweleza ninachotaka. Mashine ya kusimama langoni. Mgeni anakaribia, inapima joto la paji la uso, inamnyunyizia dawa mikononi, inamkaribisha kwa sauti, inafungua lango yenyewe. Mwenye homa, lango halifunguki. Hakuna mkono wa mtu popote. Huko Japani wanazo.

Jerry akajikuna kidevu kwa bisibisi. Akasema ya Japani hana, lakini ana friji ya soda ya mlango wa kioo iliyokufa moyo, mwili bado mzima. Vipimo, spika na sumaku ya lango anavyo. Kazi ya siku mbili. Nikauliza anataka nini. Akainamisha kichwa kama bwana arusi. Anataka namba ya Celestine.

Nilikasirika sana. Celestine! Hata kwenye duka la friji mbovu! Ni nini wanachokiona? Nilimwambia Jerry hiyo ni siri ya mfanyakazi, kwamba kuna maadili ya kazi, kwamba nilipata A kwenye maadili ya kazi.

Nilimpa namba saa sita na dakika kumi.

Jumatano, 9 Septemba

Leo nimerekodi sauti ya mashine. Sauti yangu mwenyewe. Nilijifungia stoo ya mashuka kwa sababu ya utulivu. Saa tatu nzima. Niliandika maneno kwa uangalifu, kwa Kiswahili cha heshima, si huu wa kuzoa barabarani:

"Mgeni mtukufu. Kwa heshima na taadhima tunakuomba usogee mbele. Simama wima. Usitabasamu. Tunashukuru kwa uvumilivu wako katika kipindi hiki kigumu."

Kwa mwenye homa nimerekodi maneno ya upole zaidi: "Mgeni mtukufu. Tunasikitika. Safari yako imeishia hapa."

Nilipotoka, Kipngeno, mchoma nyama wetu, alikuwa amesimama koridoni na kisu chake, kofia kifuani. Akauliza kwa sauti ya chini, "Madam, ni nani ametuacha?"

Nikamchezea Celestine ili aone maendeleo yalivyo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema ni nzuri sana, maneno yote yanasikika. Kisha, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, akasema inamkumbusha yale matangazo ya tanzia ya redioni baada ya habari ya saa saba. Akauliza kama ningeweza kucheka kidogo mahali popote.

Kucheka! Watu wanakufa ulimwengu mzima, mimi nicheke!

Wivu. Nimeuandika hapa ili ubaki kwenye kumbukumbu.

Alhamisi, 10 Septemba

Mashine imefika! Kwa mkokoteni, imefunikwa blanketi. Jerry ameipaka rangi nyeupe, akaiandika MPOKEZI kwa herufi za bluu nilizomwagiza. Ukiangalia sana bado unaona umbo la chupa ya soda chini ya rangi. Usiangalie sana.

Tumeisimamisha kwenye lango la bustani, pale katikati ya ua wa miti ya miiba ya kayaba. Nje ya lango ni maegesho ya magari, na bucha na jiko la Kipngeno. Ndani ni bustani, mahema, meza. Mgeni anatoka nje kwenye vijidudu, anaingia ndani kwenye usafi. Mpango mzuri. Uko kwenye ukurasa wa hamsini na mbili.

Mzee Hiram alipita mara kumi na moja. Kila mara ikamwambia yeye ni mgeni mtukufu, ikampima thelathini na sita nukta mbili, ikafungua. Alipopita mara ya kumi na mbili nilimsikia akiitikia, "Asante sana." Kuitikia mashine! Nilijua nimeshinda.

Mambo ya usalama niliyoongeza mwenyewe. Kwanza: ikimkataa mtu mara tatu mfululizo, inafunga lango nusu saa nzima, kwa anayeingia na anayetoka, na baada ya hapo inasubiri kwanza mtu asiye na homa, ili watu wasiizoee. Pili: ina betri, ili umeme ukipotea isitetereke. Tatu: kuifungua kwa nguvu kunahitaji neno la siri, na neno la siri ni jina la tasnifu yangu, lote, maneno kumi na sita. Hakuna mwizi atakayelibahatisha. Nne: lango la nyuma nimelitia kufuli, na ufunguo nimeuweka nyumbani kwangu, ndani ya kikombe.

Celestine ameondolewa langoni. Mzee amemhamishia kwenye nguo, kufua na kukunja vitambaa vya meza. Hakulalamika. Saa kumi aliniletea chai, akaniambia mashine yangu inapendeza na nisisahau kula. Nilihisi kitu hapa chini ya mbavu. Nadhani ni njaa.

Wafanyakazi wote wanaiita Friji. Nimebandika karatasi: "Hii SI friji." Kufikia jioni mtu alikuwa ameweka ndani yake maziwa ya chai.

Ijumaa, 11 Septemba

Hujuma! Kipngeno alitoka kwenye jiko lake saa sita, akaenda kupita langoni, Mpokezi ikamsoma thelathini na tisa nukta nne. Ikalia. Ikamwambia safari yake imeishia hapa.

Nikamwamuru akae kando kwa usalama wa umma. Alikaa kivulini chini ya mti wa jacaranda, akala mahindi. Baada ya dakika kumi na tano, thelathini na sita na nusu. Nikamuuliza anafanyaje hivyo. Akasema, "Madam, nimetoka kwa makaa." Nikamwambia asitafute visingizio.

Celestine aliona, akaja na beseni kiunoni. Akauliza kwa upole: kesho wazee wa Mzee Kabiru si watasimama kwa jiko kwanza? Akasema kila anayekula nyama choma toka hapa hadi Kikopey huanzia kwenye ndoano. Anaonyesha mbavu anayoitaka kwa kidole, anafuata mbavu yake hadi kwenye moto, anasimama hapo akiilinda isibadilishwe na mguu wa mbuzi mzee. Na uso wake unachomeka pamoja na nyama.

Nilimwambia hilo nimelitatua. Hakuna kugusa, hakuna kusimama. Mgeni ataketi mezani, atafungua simu, ataona nyama zote kwa picha, atachagua kwa kidole chake mwenyewe kwenye kioo chake mwenyewe. Nimepiga picha arobaini. Nyingi zimefanana kidogo kwa sababu ya moshi.

Akaniangalia. "Wawira wangu," akasema, "mzee wa Kabazi achague mbuzi wa ruracio kwa picha?"

Nilimwambia dunia imesonga. Akaenda zake na beseni. Hakuna kitu kinachonikera kama mtu anayekushinda kwa kunyamaza.

Jumamosi, 12 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu. Upande wa binti wakafika, watu ishirini na watano, barakoa zimewekwa sawa. Mpokezi ikawapokea mmoja mmoja, bila kosa hata moja! Ila ilipoanza kusema, akina mama walifunga leso vizuri na kuinamisha vichwa. Mzee Kabiru mwenyewe, mrefu, koti la kijivu, barakoa nyeusi hadi machoni, alinisogelea na kunipa pole. Nikamwambia hakuna msiba. Akasema anaelewa, kuna wakati mtu hataki kusema.

Saa nne. Nikawaonyesha nyama kwenye simu. Mzee Kabiru akavaa miwani. Akaitazama picha ya kwanza, ya pili, ya tano. Akauliza huyu mbuzi yuko wapi. Nikamwambia yuko buchani. Akauliza, na bucha iko wapi. Nikamwonyesha. Akanirudishia simu kwa heshima kama mtu anayerudisha sahani chafu, akawaita ndugu zake watatu, wakatoka.

Lango halimpimi anayetoka. Ukurasa wa hamsini na mbili hauna anayetoka.

Walisimama kwenye jiko la Kipngeno saa nzima na robo. Walichagua, walibishana, waligeuza wenyewe, walionja mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, kwenye ubao. Nilikuwa naona nyuso zao kutoka ndani ya bustani. Zilikuwa zinang'aa.

Saa tano na nusu. Magari matatu kutoka Njoro. Upande wa kijana! Akina mama wakashuka na vikapu mgongoni, wakajipanga, wakaanza kuimba wakija. Wazee wanne wakaacha nyama wakakimbilia lango, ili wawe ndani kabla ya wageni, maana wenyeji hupokea wakiwa ndani.

Thelathini na tisa nukta nane.

"Mgeni mtukufu. Tunasikitika. Safari yako imeishia hapa."

Mzee Kabiru akarudi nyuma. Akajaribu ndugu yake. Arobaini! Akajaribu tena Mzee Kabiru mwenyewe. Mara ya tatu. Mpokezi ikapiga king'ora, lango likajifunga kwa nusu saa. Kazi yake iliifanya vizuri sana. Hilo nalisema bila aibu.

Sasa. Mtu yeyote wa huku anajua desturi. Upande wa kijana wakifika, wanakuta lango limefungwa. Linafungwa makusudi! Wanaimba waruhusiwe, walio ndani wanawajibu kwa wimbo, wanawauliza ni akina nani na wanatafuta nini, wanawasumbua, mpaka watosheke. Kwa hiyo wale wa Njoro walipokuta lango limefungwa na king'ora kinalia, wakafurahi mno. Wakasema hawa wa Kabazi wamejipanga, wameleta hadi mashine. Wakaimba kwa nguvu mara mbili. Walio ndani, shangazi za binti, nao wakadhani ni ujanja wa Mzee Kabiru. Wakajibu kwa nguvu mara tatu.

Na Mzee Kabiru? Mzee Kabiru alikuwa nje. Katikati ya wageni.

Shangazi wa kijana, mama mmoja wa kifua na sauti anayeitwa Shiru, akamshika mkono akamwambia aimbe. Mzee akavuta mkono. Akasema yeye ni baba ya msichana. Wakacheka hadi kushikana mabega! "Baba wa msichana hukaa ndani, mzee wetu! Wacha uvivu, omba mtoto!" Walikuwa hawajawahi kumwona bila barakoa, na ndani ya mahema kuna makoti ya kijivu matano. Wakafikiri ni mjomba wao wa Njoro aliyekuja na gari la tatu. Wakamtia kikapu mgongoni, na ndugu zake watatu nao wakavutwa kwenye mstari wa waimbaji.

Aliimba. Niliona kwa macho yangu. Baba mzazi, akiomba kwa wimbo apewe binti yake mwenyewe. Na shangazi za binti, dada zake wa kuzaliwa, wakamjibu kutoka ndani kwamba sauti yake ni dhaifu, arudie.

Alirudia mara nne.

Mimi nilikuwa kwenye simu nikiandika neno la siri. Maneno kumi na sita kwa kidole kimoja! Mara ya kwanza nikaandika "Mguzo". Mara ya pili nikasahau "kati ya". Mzee Hiram alisimama nyuma yangu akitazama saa yake. Nikampigia Jerry. Simu yake ikalia karibu sana. Ilikuwa inalia chumba cha kufulia! Alikuwa amekuja tangu asubuhi "kukagua waya", na waya gani uko kwenye chumba cha kufulia? Akatoka na vitambaa vilivyokunjwa mikononi. Celestine nyuma yake akauliza kwa nini tusizime umeme. Jerry akamwambia kuna betri. Celestine akauliza ni nani aliyetaka betri. Jerry akanitazama. Msaliti! Mla chaki!

Nusu saa ikaisha. Mpokezi ikawa tayari tena. Lakini sasa walikuwa wamecheza juani muda wote huo. Shiru akasogea. Thelathini na nane nukta sita. Wote wangekataliwa. Jua lenyewe lingekataliwa.

Ndipo Celestine akarudi mbio chumba cha kufulia. Akatoka na beseni. Taulo ndogo za mikono, zile nyeupe za vyumbani ambazo hakuna mgeni amezitumia tangu Machi, zimeloweshwa maji ya kisima ya baridi na kukamuliwa. Akapanda kwenye kiti cha plastiki, akazipitisha juu ya lango kwa koleo alilorushiwa na Kipngeno kutoka nje, moja moja, hakugusa mtu. Na akaanza: "Kaaaribuuu!"

Wimbo ukanyamaza. Walizipokea. Wakashusha barakoa kidogo, wakajifuta paji, mashavu, shingo. Nilisikia mtu akisema "Asante Yesu." Na barakoa ya Mzee Kabiru iliposhuka, dada yake mkubwa aliyekuwa anachungulia juu ya ua akapiga ukemi, "Huyo ni Kabiru! Tumemwimbisha Kabiru!"

Thelathini na sita nukta nne. Thelathini na sita nukta mbili. Lango likafunguka, na kila mmoja akaingia. Vigelegele vilisikika mtaa wetu mzima wa Kiamunyi. Shiru alikuwa amepiga magoti akiomba msamaha, na Mzee Kabiru alikuwa amesimama na kikapu mgongoni, taulo kichwani, hatuelewi analia au anacheka.

Nilikwenda nyuma ya hema la vyombo, nikakaa juu ya kreti. Kwa nini taulo? Taulo hazimo popote kwenye kurasa tisini na nne.

Jumapili, 13 Septemba

Mama amepiga simu saa nne na dakika tano. Kabla hata ibada haijaisha! Alinong'ona akiwa nje ya kanisa huko Kabazi. Habari imefika kabla ya mahubiri. Aliuliza kama ni kweli nimemfungia nje mzee wa kanisa kwa friji.

Nikamwambia ni Mpokezi.

Akasema shangazi ameongeza kuku hamsini.

Jumatatu, 14 Septemba

Mzee Hiram alituita saa mbili. Alikuwa na barua mkononi, imeandikwa na Mzee Kabiru mwenyewe kwa kalamu ya wino. Akaisoma kwa sauti. Mzee Kabiru anasema amehudhuria ruracio nyingi katika maisha yake, zote akiwa upande wa ndani, akidai hiki na kile. Hakuwahi kujua kwamba kusimama nje ukiomba mtoto wa watu ni jambo zito hivyo. Mazungumzo yalikuwa mafupi, hakuwa na moyo wa kuwabana wale watu tena. Arusi ataleta hapa Desemba. Ana masharti mawili: yule msichana wa taulo awe langoni, na kile kifriji kirudishiwe soda.

Basi. Ndiyo hiyo. Mzee Hiram akakunja barua, akaniangalia kama daktari anayeleta majibu. Akasema mimi ni msomi, hilo hakuna anayelipinga, lakini atabaki Celestine.

Niliona kuku. Mia mbili na hamsini, wote wananitazama kwa jicho la pembeni.

Celestine akasema, "Mzee, na tukigawana?" Wiki mbili yeye, wiki mbili mimi, kila mwezi, hadi wageni warudi. Alisema yeye ana mama wa kumwangalia huko Kaptembwo, wiki mbili za nyumbani zingemfaa. Alisema pia kwamba bila mashine ya Wawira, yule mzee asingetoka nje, na asingetoka nje asingeimba, na asingeimba asingeandika barua. Mzee Hiram akafikiri. Akasema hilo nalo ni kweli kwa namna yake. Akakubali.

Nusu ya kazi! Kwa huruma ya cheti cha miezi sita! Nimetetewa na mtu niliyempeleka kufulia! Sijawahi kutukanwa kwa upole namna hii.

Nilisema asante. Ilinitoka tu.

Mpokezi imehamishiwa jikoni. Jerry ameitia gesi, sasa inapoza vizuri sana. Ila spika hakuitoa. Kila mtu akifungua kuchukua Fanta, inamwambia asimame wima na asitabasamu.

Jumatano, 16 Septemba

Zamu yangu inaanza leo. Langoni, kwa mikono yangu. Nimekaribisha watu wawili: mleta mkaa na mtu wa mita. Mtu wa mita alichungulia nyuma yangu, akauliza yule mwingine yuko wapi. Kofia hakuivua.

Nimetafakari tangu chai ya saa nne, kwa utulivu, kama nilivyofundishwa. Nimepitia kila hatua ya Jumamosi. Kipimo kilikuwa sahihi. Sumaku ilikuwa sahihi. Betri, sahihi kupita kiasi. Kosa lilikuwa moja tu, na sasa naliona waziwazi, nashangaa sikuliona mapema. Lilikuwa sauti! Watu walikuwa wametulia vizuri kabisa, shida ilikuwa kwamba walikaribishwa na sauti yangu. "Na mgeni anasemaje?" Mgeni anataka "Kaaaribuuu". Basi apewe. Mwalimu angeandika vizuri tu ningemwelewa tangu zamani.

Celestine alipita saa saba kuniletea chapati, ingawa ni wiki yake ya kupumzika. Nikamwomba aseme "Karibu" kwenye simu yangu. Aliuliza ya nini. Nikamwambia ni kumbukumbu, dunia hii ya corona mtu hajui kesho. Machozi yakamlengalenga. Alisema mara tatu, bila barakoa, nikiwa nimesimama mbali.

Jerry ameshajibu. Kuna friji nyingine Free Area, ya milango miwili. Nimemwambia aanze leo, iwe tayari kabla ya Desemba, na safari hii maji ya baridi yatoke yenyewe.

Celestine alikuwa ameshafika barabarani aliporudi kuniuliza kama zile tatu zinatosha. Nikasema zinatosha. Akasema hapana, ya mwisho ilikuwa fupi, mimi nastahili nzuri zaidi. Akasimama katikati ya lango, akavuta pumzi, akaitoa ya nne kwenye simu yangu kwa hiari yake, ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Hiyo ya nne ndiyo niliyomtumia Jerry.